Aliyewalaza Wavulana wa Kagerankanda

Esteri Ntirampeba aliletwa Kagerankanda na ndoa. Wazazi wake walivuka kutoka Burundi mwaka wa sabini na mbili wakimbeba mgongoni, akakulia upande huu wa Kasulu, akaolewa na Muha mmoja mkulima wa tumbaku aliyeitwa Sylvesta. Walizaa mara mbili. Watoto wote wawili walikufa kabla ya kuota meno. Kisha Sylvesta naye akaanza kukohoa, akakonda, akafa. Ndugu za mume walimwachia mjane nyumba na shamba la muhogo, kwa kuwa hakuna aliyeona faida ya kumfukuza. Ndivyo alivyonisimulia mwenyewe siku moja, macho makavu, huku akimenya muhogo.

Mimi ni jirani yake. Ninayoyaeleza hapa mengine niliyaona, mengine aliniambia yeye, kidogo kidogo, kwa namna yake ya kusema jambo zito katikati ya kazi.

Kanisani kwetu kulikuwa na kambi ya likizo kwa wavulana. Shule zikifungwa mwezi wa sita, walikuja vijana wa vijiji vya hapa, wachache wa Kasulu mjini, na wengine wa kambi ya wakimbizi ya Mtabila, watoto wa Warundi, waliotoka kwa kibali kilichoombwa na paroko. Walikaa karibu mwezi mzima. Walilala katika ghala kuukuu lililokuwa la tumbaku, na harufu ya tumbaku haikuwahi kutoka ukutani. Wavulana waliporudi kwao, mama zao walizinusa nguo wakawauliza nani aliwafundisha kuvuta.

Aliyeiendesha kambi hiyo alikuwa katekista wetu, Pasikali. Mchana aliwamudu vizuri. Usiku ulimshinda. Mwaka mmoja wavulana walipigana mito usiku, wakaangusha koroboi, mtoto mmoja akaungua mkono. Ndipo Pasikali alipokwenda kwa Esteri.

"Dada, mimi najua kuwafundisha," alimwambia. "Kuwalaza sijui. Hilo linataka mama."

"Mimi si mama wa mtu, katekista."

"Kwa mwezi mmoja utakuwa."

Esteri alikwenda akidhani atafagia tu na kutandika. Alibaki kambini hapo miaka mitano, kila mwezi wa sita, na mwaka aliousimulia zaidi kuliko yote ni ule wa 2012, ambao haukufuatiwa na mwingine uliofanana nao.

Asubuhi za mwezi wa sita kwetu ni baridi kali. Ukungu unalala mabondeni hadi jua lipande, na nyasi zinalowesha miguu mpaka magotini. Wavulana walitoka ghalani wamejifunika mablanketi ya kijivu kama wazee wa baraza, wakakimbilia jikoni kuota moto. Kulikuwa na kijana mmoja wa Kasulu mjini, Hilali, mtoto wa Nurudini mwenye duka. Alikuwa Mwislamu, ila rafiki zake wote walikuwa wanakuja, na baba yake na Pasikali walijuana tangu zamani. Huyo kila asubuhi alipiga kelele ileile.

"Mama Esteri! Hii siyo kambi, hii ni friji! Mnataka kutuuza kama samaki?"

"Samaki hapigi kelele. Kunywa uji."

Baada ya uji walikwenda shamba la maharage la kanisa, wakavuna hadi jua lilipokuwa kali. Kisha mafundisho, kisha ugali wa muhogo na dagaa, kisha mpira wa makaratasi uliofungwa kwa kamba za mgomba, Watanzania dhidi ya Warundi. Esteri hakujua ashangilie upande gani, kwa hiyo alishangilia kila goli, na pande zote mbili zikamlaumu. Jioni walishuka mtoni kuoga. Waliogopa baridi ya maji yale, wakaoga uso na miguu tu, wakarudi wakijidai wameng'ara.

Saa ya kulala ndiyo iliyokuwa saa ya Esteri. Aliketi kwenye kigoda mlangoni mwa ghala, beseni la maji ya moto mbele yake, na hakuna aliyepita bila kunyoosha miguu. Aliosha, akaangalia vidole kwa mwanga wa kandili, na akiona funza alimtoa kwa pini, akapaka mafuta ya taa. Waliojigamba sana mpirani ndio waliolia sana hapo. Wengine walijipanga nyuma wakicheka, mpaka zamu yao ilipofika.

Ndani, walilala juu ya magunia yaliyojazwa nyasi. Walisali fungu moja la rozari. Hilali alisali kwanza sala yake pembeni, kisha akawasubiri wenzake kwa adabu ambayo mchana hakuwa nayo. Halafu vikaja vitendawili. Waha walitega kwa Kiswahili cha shuleni, Warundi kwa desturi ya kwao, ambapo anayetega huita "Sokwe" na wenzake huitikia "Niruze", kama kitendawili na tega.

"Sokwe!" sauti ilitoka gizani.

"Niruze!" wakaitikia wote, hata Waha, hata Hilali.

"Mzee analala na blanketi, jua likimchoma analivua."

Walikisia kondoo, wakakisia paroko, wakacheka hadi Esteri akagonga ukuta. Jibu lilikuwa mlima wenye ukungu. Baada ya hapo aliimba. Hakuwa na sauti nzuri, mimi namjua kanisani. Lakini aliimba chinichini kwa Kirundi nyimbo ambazo mama yake alimwimbia, akitembea katikati ya magunia, akimfunika mmoja, akimgeuza mwingine aliyelala amekunja shingo. Pumzi zao zilianza kushuka moja moja, hadi ghala zima likapumua pamoja. Aliniambia kuwa hakuna sauti aliyoipenda duniani kuliko hiyo. Alisema ilikuwa kama mvua inayonyesha mbali, unapojua mbegu zako zimeshapandwa.

Katika wavulana wa Mtabila mwaka ule alikuwamo mmoja aitwaye Manirambona. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, mwembamba, mkimya, hana baba. Siku za kwanza Esteri aliona kwamba wenzake wakilala, yeye hukaa. Aliegemeza mgongo ukutani, magoti kifuani, macho wazi. Mchana alisinzia shambani na maharage mkononi.

Esteri alimwita jikoni, akampa kiazi cha moto.

"Unaogopa nini usiku?"

"Siogopi."

"Basi kwa nini hulali?"

Mtoto alikivunja kiazi vipande vidogo vidogo bila kula. Mwishoni akasema, akitazama chini, "Nikilala nitakojoa. Watanicheka. Wakirudi Mtabila watasema kwa kila mtu."

Esteri hakucheka, wala hakusikitika mbele yake. Alimwambia, "Lala. Mimi nitakuamsha."

"Ukisahau?"

"Sina mtoto mwingine wa kunisahaulisha."

Kuanzia siku hiyo, wengine wakizama usingizini, Esteri alikwenda akamgusa bega. Mtoto aliamka bila neno, wakatoka nje pamoja, akajisaidia vichakani, wakarudi. Ilikuwa siri ya watu wawili. Kabla kambi haijakwisha, Manirambona alikuwa analala usingizi mzito kiasi kwamba Esteri alilazimika kumnyanyua kwa mikono miwili, na asubuhi alikuwa wa mwisho kuamka. Wenzake walimtania kwamba hata nyumba ikianguka hataamka. Esteri alijivunia hilo. Alinihadithia mara nyingi, akitabasamu: mtoto aliyekuwa hajui kulala, alimfundisha kulala.

Siku ya kuondoka, vijana wa Mtabila walipanda gari wakiimba. Manirambona alishuka tena.

"Mwakani utakuwepo?" alimuuliza Esteri.

"Nitakwenda wapi mimi? Njoo tu."

Mwezi wa kumi na mbili, kambi ya Mtabila ilifungwa na watu wake wakarudishwa Burundi. Kwa siku nyingi malori yalipita Kasulu kuelekea mpakani, yamejaa watu, mabati, kuku na masufuria. Esteri alikwenda kusimama kando ya barabara siku mbili. Aliona watoto wengi. Malori yalifungwa maturubai kwa ajili ya mvua, na aliyekuwa ndani alionekana kwa kitambo tu yakipinda kona. Alirudi nyumbani na tope la barabara miguuni.

Mwaka uliofuata wavulana walikuja wachache, wakajaza kona moja tu ya ghala. Hapakuwa na wa kujibu sawasawa "Niruze!". Halafu 2014 kambi haikufanyika kabisa. Marafiki wa parokia walioko mbali, waliokuwa wakisaidia chakula, waliacha kuandika. Ghala likapangishwa kwa wakulima wa tumbaku. Mwezi wa sita ulipofika nilimwona Esteri jioni akichemsha maji, akayaweka kwenye beseni, akakaa nayo. Nilidhani ana mgeni. Aliponiona, aliosha miguu yake mwenyewe, akayamwaga.

"Jirani," nilimwambia, "ungeolewa tena."

"Na nani? Nimeshazoea kupendwa na watu wanaoondoka."

Kisha ukaja mwaka 2015. Redio ilitangaza machafuko Burundi, na mwezi wa tano Warundi walikuwa wanamiminika Kigoma kwa maelfu. Kipindupindu kiliwakuta ufukweni kabla hawajaondolewa. Walioletwa kwetu waliwekwa Nyarugusu, kambi iliyokuwa imeshajaa Wakongo. Akina mama wa kanisa walikusanya nguo kuukuu na sabuni. Esteri alikuwa wa kwanza kutoa kitenge chake cha sikukuu, na wa kwanza kusema kuwa atakwenda kupeleka yeye mwenyewe.

Aliyembeba alikuwa Hilali. Alikuwa kijana sasa, ana bodaboda Kasulu mjini, miwani ya jua na maneno ya Dar. Alipomwona Esteri stendi alizima pikipiki, akainama kumsalimia.

"Shikamoo, Mama Esteri. Funza wangu wa mwisho ulimtoa wewe."

"Marahaba. Bado unaogopa maji?"

Walicheka. Ndicho kicheko cha mwisho nilichosikia kuhusu safari zile.

Nyarugusu, Esteri aliuliza kila foleni aliyoikuta, ya maji, ya unga, ya zahanati. Je, yupo kijana aitwaye Manirambona, aliyewahi kukaa Mtabila? Majina kama hilo ni mengi. Walimwonyesha mzee, wakamwonyesha mtoto anyonyaye. Mwishoni mama mmoja Mkongo aliyekuwa akiuza nyanya alimsikia, akanyoosha kidole upande wa mahema mapya.

"Kuko mumoja kule, karibu na nyumba yangu. Ule mutoto hapana lala, mama. Usiku yote anaikala inje, anaangaria barabara tu."

Esteri alimjua kabla hajauona uso. Alikuwa ameketi, mgongo kwenye mti wa hema, magoti kifuani. Alikuwa amerefuka mno, miguu imekuwa ya mtu mzima, na vidole vyake vimevimba kwa funza.

"Uraho, mwana wanje," Esteri akamsalimu kwa Kirundi, hujambo, mwanangu.

Kijana alimtazama muda mrefu. "Mama wa bweni," akajibu. Alilisema jina hilo, ambalo wavulana wa Mtabila walimwita ghalani, kama mtu anayesoma neno lililoandikwa ukutani. Hakusimama.

Esteri aliketi chini kando yake. Aliuliza habari za mama yake, na kijana alipogeuzia uso barabarani akajua jibu, lakini alikuwa ameshauliza.

"Tulirudi Makamba," Manirambona akasema. "Shamba letu lilikuwa na watu wengine. Tukakaa pembeni, kwa shangazi, tukisubiri. Mwaka huu mwezi wa nne watu walikuja usiku. Sijui ni wa shamba au ni wa siasa. Walipiga mlango. Shangazi alikimbia, mama naye alikuwa ameshatoka nje. Alikuwa ameshafika migombani."

"Na wewe?"

"Mimi nilikuwa nimelala."

Esteri aliniambia kwamba hapo alitaka kumziba mdomo kwa mkono wake.

"Alirudi kuniamsha," kijana akasema. "Alinivuta kwa mikono miwili. Nilipofungua macho nilimwona yeye, na nyuma yake mlango, na watu mlangoni. Alinisukuma dirishani. Yeye hakutoka."

Watoto walipita wakiburuta madumu ya maji. Baadaye Esteri alimwomba ruhusa ya kumtoa funza. Kijana alinyoosha miguu kama anavyonyoosha mtu ambaye miguu si yake. Hakulia alipochomwa, hata hakukunja uso.

"Utakuja nyumbani kwangu," Esteri alimwambia. "Nina chumba."

Manirambona akavuta miguu yake. "Mama, wewe ulinifundisha vizuri. Ulikuwa mwema. Lakini usimfundishe mtu mwingine kulala."

Hata hivyo Esteri alikwenda kwa afisa wa kambi. Afisa alikuwa kijana mpole, macho mekundu kwa uchovu. Alimsikiliza hadi mwisho.

"Mama, sheria haimruhusu mkimbizi kuishi nje ya kambi. Na wewe si ndugu yake wa damu. Nikimwachia huyu, kesho nitaulizwa yuko wapi."

"Yuko kwangu, Kagerankanda."

"Najua, mama. Samahani."

Alikwenda Nyarugusu mara nyingi baada ya hapo, Hilali akimpeleka na kukataa nauli. Alimpelekea viazi, sabuni, sweta. Kijana alipokea vyote na kushukuru. Safari iliyofuata Esteri alimwona mtoto mwingine amelivaa sweta lile. Walikuwa na mazungumzo machache. Mara moja Esteri alijaribu kumkumbusha mpira wa Watanzania na Warundi, magoli, Hilali na kelele zake za asubuhi. Hilali mwenyewe alikuwepo, akaigiza, "Hii siyo kambi, hii ni friji!" Manirambona aliangalia mahema pande zote, halafu akamwangalia Hilali, na Hilali akanyamaza.

Mwezi wa kumi, watu wakaanza kuhamishwa kutoka Nyarugusu kwenda Nduta, huko Kibondo, kambi ya zamani iliyofunguliwa tena. Esteri alifika siku moja akakuta hema la Manirambona lina familia nyingine. Alikuwa ameshapelekwa. Esteri akauza mbuzi wake, akapanda basi la Kibondo, akalala kwa mjomba wake upande wa Murungu, asubuhi akaenda Nduta.

Mvua ilikuwa imeanza. Mahema yalikuwa meupe bado, yamesimama katikati ya visiki na tope jekundu. Alimpata mchana, baada ya kuuliza sana, kwa msaada wa mwanamke aitwaye Jeanne aliyekaa hema la jirani na aliyekuwa akimgawia kijana chakula kwa sababu alisahau kwenda foleni. Manirambona alikuwa amekonda hadi macho yamekuwa makubwa. Aliongea akikatiza maneno katikati.

Esteri alimwambia, "Sasa ni mchana. Watu wamejaa kila mahali. Mimi nitakaa hapa mlangoni. Lala kidogo tu."

"Oya, mama," akakataa kwa Kirundi.

"Siimbi. Sisemi kitu. Nitakaa tu."

Labda alimhurumia, kwa kuwa Esteri mwenyewe alikuwa amelowa na anatetemeka. Alijilaza juu ya mkeka. Esteri alikaa mlangoni mwa hema, akamgeuzia mgongo ili asione kuwa anaangaliwa. Mvua ilipiga turubai. Alisikiliza kwa muda, akingoja pumzi ishuke. Haikushuka. Alipogeuka, kijana alikuwa amelala chali, mikono kifuani, macho wazi, anamtazama yeye. Walitazamana hivyo hadi mlinzi alipopita akitangaza kuwa wageni watoke.

"Nimejaribu," Manirambona akamwambia, kama anayemwomba radhi.

Esteri alirudi Nduta baada ya wiki chache. Hema lilikuwa tupu. Jeanne alimweleza kuwa kijana aliondoka na wenzake asubuhi moja kwenda kutafuta kuni, wenzake wakarudi. Wengine walisema alivuka kurudi Burundi. Wengine walisema amechukuliwa na watu wanaokusanya vijana wa kwenda kupigana. Jeanne hakujua. Alichojua ni kwamba kijana alifagia hema kabla ya kuondoka na kukunja mkeka.

Esteri aliripoti kwa wahusika, wakaandika jina. Kisha akapanda basi.

Karibu na Krismasi, Pasikali alikuja nyumbani kwa Esteri na habari njema. Kuna watu walikuwa tayari kusaidia kambi ya likizo ianze tena mwaka unaofuata. Ghala lingerudishwa, mablanketi mapya yangeletwa. Nilikuwepo. Nilimtazama Esteri usoni nikitumaini kuona kitu.

"Tafuta mwingine," alisema.

"Dada, nani atawalaza kama wewe?"

"Hujanisikia, katekista. Tafuta mwingine."

Pasikali alikunywa chai, akazungumzia mvua, akaondoka. Mimi na Esteri tulirudi shambani kumalizia palizi ya mahindi yake. Nilimuuliza kama atakwenda tena Nduta. Aliniuliza akamtafute nani. Majani yalikuwa yameshayapita mahindi sehemu za bondeni, tukaamua kuyaacha hayo, tukashughulikia yale ya juu ambayo yangeweza bado kupona.